Dumu Nililoliosha

Jumanne, Somanda

Harudi leo tena. Trekta kuukuu la baba mkwe linakohoa na kuzimika huko Sapiwi, na mume wangu amenipigia kusema wamekuta maji kwenye chujio la dizeli.

Ni mimi niliyeosha dumu lake la dizeli kwa sabuni siku anaondoka, ili watu waone kwamba sasa ameoa. Sikulikausha.

Nilipokiri, alicheka kile kicheko chake kizuri. “Mke wangu, dizeli haiogeshwi.”

Baba mkwe akadakia pembeni, “Muulize kama na jembe alilipaka mafuta.”

Sasa lazima wamwage tanki lote na kulisafisha, ndipo wamalize kulima. Labda Alhamisi.

Alhamisi ni mbali mno. Tuna wiki tatu tu za ndoa, na tayari nimesahau kulala peke yangu.