Nenda Ukasomee Vitabu vya Wajapani

Mwanangu Mwikali,

Huku Nyakoe, karibu na Kisii, tunachimba barabara na kila alasiri mvua inatufukuza hadi hotelini kwa Mama Kerubo. Leo nilimwambia umepata ufadhili wa shahada ya pili Japani, usomee kutunza vitabu vya huko katika maktaba unakofanya kazi, nawe unangoja neno langu.

“Msichana peke yake? Atakula nini huko, mzee?”

Nikamwonyesha sahani yangu ya ugali wa wimbi na mboga chungu.

Akacheka. “Hiyo uliitema mbele yangu ulipofika huku mara ya kwanza! Siku hizi unaomba nyongeza.”

Basi nenda, mwanangu. Mgongo unaniuma lakini moyo umetulia. Wakikupa chakula usichokijua, usiteme mbele ya mwenyeji.

Mungu akutangulie.

Baba yako