Mama wa Dashibodi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo nimeuza Hilux kwa mdomo tu! Mteja wa Lubumbashi alikuja kutazama, akaondoka amenunua. Nimewasha gari, yule mama wa dashibodi, sauti ya kurekodiwa ya gari, akaongea Kijapani chake, mimi nikatafsiri hapohapo: anasema injini hii haijawahi kukohoa. Mteja akacheka mpaka akatoa pesa.

Gadiel, Mtanzania tunayefanya naye kazi yadi ya magari hapa Durban, hakuweza kunyamaza, anajua mimi ni wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. "Mjapani wa Buyenzi! Kijapani ulisomea wapi, Tokyo au sokoni?" Nimemwambia Tokyo wananiulizia. Miaka yote hii napokea magari yao bandarini, nani atanifundisha Mjapani ni mtu gani?

Nyumbani mpwa wangu Ineza hajala tena.

Jumatano, 7 Mei

Nimeshtuka.

Ineza ni mtoto wa marehemu dada yangu. Yuko université, anaandika mémoire, tasnifu yake, juu ya riwaya za Wajapani wa siku hizi. Mimi najisifu kila mahali: mpwa wangu anasoma Japani, mimi nauza Japani, tumewamaliza! Leo nimemuuliza, hizo riwaya zinasema nini? Nilifikiri mapanga, treni za mbio, fabrique za magari. Wapi!

Akanisimulia moja, polepole, kama mtu anaeleza nyumba yao. Iko mwanamke wa ofisi, mpole, hagombani na mtu. Jioni anakaa ndani ya gari lake. Sauti ya gari inamwelekeza njia — gari haliendi, lakini yeye anafika! Mji wa ukungu. Kila nyumba taa inawaka, kila meza sahani yake imewekwa, watu hakuna. Kila siku anakaa huko zaidi. Na msomaji hajui kama anaota au kichwa kimeharibika.

Nikasema, daktari yuko wapi humo kitabuni?

"Tonton, daktari naye anaota."

Eish! Watu waliotengeneza Hilux! Nje chuma, kumbe ndani mafuta yanavuja.

Halafu akasema, kawaida tu, ule mji anaujua. Anaenda. Juzi mama yake alipita dirishani huko.

Dada yangu tulimzika kwa simu, mwezi wa pili. Yeye Bujumbura, sisi hapa Durban, mtaa wa Albert Park, na karatasi zetu za ukimbizi haziruhusu kurudi. Ineza alishika simu mpaka udongo ukajaa, halafu réseau ikakatika. Hakutoa chozi. Watu nikawaambia: mnaona? Huyo amefuata damu yetu, jasiri.

Jumamosi, 10 Mei

Odette mke wangu anataka kundi la maombi lije limuombee, pasteur na wote. Nimekataa, huyu hana pepo. Ineza mwenyewe ameomba kitu kimoja: akae ndani ya gari la Kijapani. Gari tu? Sharp! Nikampeleka yadi, aone Tonton wake ni nani kule.

Iko Corolla nyeupe nyuma ya kontena. Nikawasha. Mama wa dashibodi akaongea. Ineza akakamata usukani kwa mikono miwili na machozi yakaanza kushuka — ya kwanza tangu mazishi!

"Tonton, wewe unasikia Kijapani. Amesema nini?"

Sijui hata neno moja. Hata moja! Na Gadiel yuko palepale, meno nje, anangoja kucheka. Mdomo ukaenda wenyewe: "Anasema, mtoto wangu, umechelewa. Nenda nyumbani ule kwanza."

Gadiel akafunga meno.

Na amekula! Ugali na sombe, sahani nzima. Odette alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniangalia kama mchawi.

Jumanne, 13 Mei

Kila siku anakuja yadi, na mimi ndiye mkalimani. Mama wa dashibodi amemwambia aoge. Ameoga. Amemwambia ampigie profesa wake. Amepiga! Kliniki wametupa rendez-vous ya daktari wa akili, Ijumaa. Ineza akasema atakwenda kama yule mama akiruhusu. Ameruhusu, bila shaka! Profesa gani wa Durban anafanya kazi hii bila dawa?

Odette hafurahi. "Baba Bonheur, unamtoa huko au unamfungulia mlango?"

Gadiel naye: "Kaka Zénon, na siku gari likiuzwa?"

Nimewaambia wote wawili wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 15 Mei

Corolla imeuzwa, inakwenda Lubumbashi. Trela imekuja kuichukua.

Ineza amejifungia ndani yake. Ufunguo anao yeye. Kioo kimeshuka kidogo, vidole tu vinapita. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Tonton, muulize. Nikienda kabisa kwenye ule mji, iko mtu atanitafuta?"



Akazima, akawasha. Mama akaongea. Maneno yaleyale! Yaleyale ya kila siku, hata mimi nimeyatambua.

"Amesema nini?"

Mimi, niliyewasimulia polisi simba wa mbuga ya Ruvubu mpaka wakasahau kuniuliza karatasi — neno nimekosa. Nikasema ngoja mwanangu, Kijapani cha leo ni kigumu, dictionary yangu iko kontena. Dictionary gani! Nimekaa humu kontena naandika, kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Odette yuko njiani kwa taxi na nesi wa kliniki. Wamekwama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na bandari. Dereva wa trela anatukana. Gadiel amelaza mgongo kwenye boneti ya Corolla, mikono kifuani, eti anapumzika.

Nikisema mama amejibu ndiyo, watakutafuta, ataamini. Lakini atakuwa ameamini gari, na gari linakwenda Lubumbashi. Nikisema huyo mama hajawahi kusema kitu, ni mimi — basi na ule ugali, na ile simu ya profesa, na daktari wa kesho, vyote vinakuwa hadithi za Zénon. Nani aliwahi kuamini hadithi za Zénon?

Ineza anapiga honi.

Namuona kupitia mlango wa kontena. Anaongea na dashibodi, midomo inacheza haraka. Honi tena, ndefu. Gadiel ananiita kwa mkono — njoo, njoo sasa!

Naenda. Kijapani sina. Nitaanza na jina lake tu, halafu nimwambie: mtu wa kukutafuta ni mimi.