Jiwe Lisilolia

Kaka yangu,

"Mashine haina kosa. Kosa ni mikono ya mzee." Ndivyo ulivyoandika.

Shikamoo kwanza, maana adabu alinifundisha mzee huyohuyo mwenye mikono unayoilaumu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi hapa tunapumua, ndiyo afya tuliyo nayo.

Mikono ya mzee, kaka? Mikono hiyo ilinoa visu vya nusu ya mji kabla wewe hujajua kufunga kifungo. Na mashine yako ya kunolea hakuikataa, kama unavyowatangazia watu. Aliipenda. Aliweka ndoo ya maji kando ya mota, akawa anachovya patasi kila mara, maana chuma kikigeuka buluu kwa joto kimekufa, na seremala atarudi na maneno ya kukutoa jasho. Mama mwenye mgahawa alimtania kwamba tangu mashine ije, visu vyake vinakata nyanya kwa kuzitisha tu.

Kisha yakaja yale mawe mawili ya kunolea, uliyoyatuma kwa basi ndani ya gunia moja na vyuma vya randa. Baba aliyatungika kwa kamba, moja baada ya jingine, akayagonga kwa mpini wa patasi. La kwanza lililia kama kengele. La pili lilitoa sauti ya boga. Jiwe lisilolia lina ufa ndani hata kama jicho halioni, na mota ikilizungusha hupasuka. Ulipokuja kututembelea ukamkuta akitueleza hayo, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema siku hizi Baba anapiga ramli kwa mawe. Nasi tukacheka, Mungu atusamehe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na mashine ni yako.

Ulipoondoka, jiwe jipya lilikuwa limeshafungwa, na ile kinga ya chuma inayolifunika jiwe imetolewa ili vyuma vipana vya randa visigonge. Baba aliwasha mota akaweka kisu cha mgahawa. Mimi nilikuwa naanua nguo uani. Nilisikia kishindo, kisha mota ikiendelea kuunguruma peke yake. Nilimkuta ameketi sakafuni, kiganja kwenye jicho, anauliza kama kisu cha watu kimeharibika.

Jicho la kulia halipo tena. Hospitalini alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alilifunga jiwe vibaya, uzee umemfika. Neno hilo limetembea. Mwuza nyama amehamisha visu vyake. Seremala alikuja kuchukua patasi zake na kiti hakukikalia. Na sasa unaagiza mdogo wetu aanze Jumatatu kwenye mashine ileile, bila kinga, kwa kuwa yeye ana mikono imara.

Jana, nikimsafisha kidonda, nilimweleza Baba agizo lako. Alinishika mkono.

"Lile jiwe bovu nililichora msalaba kwa chaki, nikaliacha chini ya benchi," alisema. "Sikulifunga mimi. Nilikuta limeshafungwa, nikadhani ni lile zima. Kipande chenye msalaba kiliniangukia pajani, nikakificha kabla hujaingia."

Nikamwuliza kwa nini alijisingizia.

"Kaka yako ana watoto wa kulea. Akijua lililopasuka ni lile la msalaba, mkono wake hautashika kitu tena. Ila huyu mdogo asiiguse mashine."

Akaniapisha nisikuambie. Kiapo hicho ninakivunja na sijutii. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzee wetu analia kwa jicho moja lililobaki huku wewe ukimhesabia makosa.

Sisemi ulikusudia. Nasema uliiona alama ukaidharau, ukaondoa kinga, ukapanda basi. Na mzee alipoitwa mzembe, ulikuwa wa kwanza kuitikia.

Wabusu watoto, yule mkubwa mwambie babu anamwulizia. Wote hapa wanakusalimu, pamoja na Baba, asiyejua nimeandika nini.

Jumatatu mdogo wetu hatawasha kitu, waya nimeukata mwenyewe. Nawe njoo. Uketi mbele ya Baba, uwaite mwuza nyama na seremala, useme kwa mdomo wako nani alilifunga lile jiwe. Na wewe wifi, najua barua zangu huzifungua wewe kwanza: usimpe usingizi mpaka amekata tiketi.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili