Filamu Ambayo Babu Hakuimaliza

Tarehe 3, mwezi wa pili

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu zimenizidi.

Kamera ya babu imefufuka! Kuna kifaa cha kisasa, cha dijitali, kinabandikwa mgongoni mwake, pale palipokaa kile kisanduku cha filamu. Lenzi ni ile ile ya babu, ila picha unaiona papo hapo, hungoji kusafisha. Tajiri wangu hapa studio ameniazima cha kwake. Nimewapiga maharusi, wametoka ngozi kama unaigusa! Kisanduku cha zamani nimekichomoa, kipo mezani. Najua ulinikataza kukigusa, lakini bibi, filamu siku hizi ya nini?

Mke mwenzako

Tarehe 11, mwezi wa pili

Wewe mtoto,

Marahaba. Goti halijambo, kichwa chako ndicho kigonjwa.

Nimekwenda kwa jirani nikupigie simu, yule mwanamke wa ndani ya simu ananiambia hupatikani. Nimemtukana, karudia yale yale. Ndiyo maana naandika.

Kile kisanduku usikifungue! Kina filamu. Babu yako aliwapiga picha watu wote wa mji huu, na mbuzi wao, lakini mwanangu, mama yako, akimwambia, "Baba, na mimi," anajibiwa, "Wewe upo tu, wateja wanangoja." Siku moja, wewe bado wa kubebwa mgongoni, ndipo alipomkalisha mbele ya pazia la bluu akampiga. Na babu yako hakuwa mtu wa kusafisha filamu ambayo haijajaa. Kabla haijajaa, mama yako akafa. Basi hakuijaza, wala hakuitoa. Nikimwambia asafishe, anasema, "Nikiimaliza hii, naye kaisha." Akaenda zake kaburini, kaniachia.

Nilikupa kamera uitunze, uje nayo likizo, uzipige picha zilizobaki mbele yangu, tusafishe wakati bado naona. Picha nyingine ya mama yako hakuna. Kifunge kwa nguo nzito, kiweke gizani, uje nacho mkononi. Usimpe mtu, hata huyo tajiri wako.

Bibi yako

Tarehe 20, mwezi wa tano

Bibi,

Shikamoo. Najua umengoja. Kila nikiandika nachana.

Barua yako ilinikuta nimeshakifungua. Nilikaa dirishani mchana, jua kali, nikataka kujua kama kuna filamu. Ilikuwepo. Nikaivuta yote, nikaiinua kwenye mwanga niwatafute watu waliomo. Mimi nimekulia kwenye picha za kuonekana hapo hapo, bibi. Nilidhani na hizi zinaonekana.

Nilimpelekea fundi mzee anayesafisha bado. Imetoka nyeusi tii, mwanzo mpaka mwisho; anasema mwanga umeiunguza.

Sikujua nifanye nini. Nikatundika pazia la bluu, nikajifunga kile kitambaa cha kichwa cha mama ulichonipa, nikakaa, nikajipiga kwa kamera ile ile. Picha nimeiweka humu. Si wote husema tumefanana?

Nisamehe.

Mjukuu wako

Tarehe 2, mwezi wa sita

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Picha imefika. Nimeitazama mlangoni, nikatoka nayo uani penye mwanga. Nyuzi za kitambaa zinahesabika. Jirani kachungulia, kaniambia, "Huyu si marehemu?" Nikamwambia akafue macho yake. Mwanangu simjui? Mwanangu jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine. La kushoto.

Au la kulia. Nilisimama pale uani na picha yako mkononi, nikashindwa kusema lipi.

Miaka yote hii nilikuwa nikifumba macho namwona. Hakuwa wazi sana, lakini alikuwa yeye. Sasa nikifumba nakuona wewe, umekaa mbele ya pazia, umevaa kitambaa chake. Nimeilaza picha kifudifudi kabatini, haisaidii. Imeshaingia.

Usinililie, na usinipigie picha nyingine. Kamera kaa nayo, ipige maharusi wako.

Ile filamu nyeusi usiitupe. Nifungie uniletee. Sitaki kuitazama, nataka kuishika tu. Alikuwa humo.

Mama wa mama yako