Nani Atafua Jezi za Radi

Katuba, Lubumbashi, tarehe 13 Machi 2011

Mwanangu Dady,

Barua hii anakuletea mjomba wako, tonton Aristote, mkononi, kwa sababu posta yetu unaijua. Ukiona doa la mafuta, jua alikula njiani. Baridi ya huko inakutendeaje? Kikohozi kimeisha? Mimi ni mzima, ila goti, ambalo linatangaza mvua kabla ya redio.

Bon, habari kubwa: timu yetu imeuzwa! Radi ya Katuba ina mmiliki mpya, papa Donatien, mtoto wa hapa hapa Katuba, ambaye sasa yuko huko kwenu Bruxelles na maduka matatu ya dobi. Mashabiki wamegawanyika. Nusu wanacheza ngoma barabarani, wanasema mwaka huu tunapanda daraja. Nusu wanasema ni maneno matupu, tumeshaona wengi.

Mimi sijui nikae upande gani. Ameandika kwamba atanunua mashine ya kufulia, na jezi hazitapita tena uani kwangu. Unajua mwenyewe umeme wetu unavyokuja na kwenda. Lakini hilo siyo linaloniuma. Nilianza kufua jezi zile mwaka ule baba yako alipofariki, na kamba ile ya kuanikia ndiyo iliyonitoa kitandani. Miaka ishirini na moja sasa, watu wa Katuba wakiona nimeanika, wanajua kesho kuna mechi. Mashine ikija, Jumapili nitakuwa nani?

Halafu kuna desturi. Kila mmiliki mpya anafua jezi zote kwa mkono, uani kwangu, mbele ya mashabiki, mpaka mimi niseme zimetakata. Yule wa mwisho alikataa, akasema ana mkutano, na msimu haukuisha akapotea na basi la timu. Aliyemtangulia alifua amevaa glovu. Tulishuka daraja. Nenda ukamwangalie huyu usoni, uniambie ni mtu wa namna gani.

Mama yako,
Euphrasie


Etterbeek, Bruxelles, tarehe 3 Aprili 2011

Mama mpenzi,

Nimepokea barua yako, na doa lake. Kikohozi kimekwisha. Kazi ya hospitali kule Jette inaendelea. Wagonjwa wangu wazee wananiita "mon petit", kama mtoto wao, na kunifichia biskuti mfukoni. Goti lako ulipake ile dawa niliyotuma, usimpe jirani.

Jumamosi nilikwenda kwenye yale maduka ya Galerie d'Ixelles, kwenye saluni ya Marie-Claire, ambako mashabiki wa Radi wa huku wanakusanyika. Mama, hata huku wamegawanyika! Mzee Kabamba, yule mshambuliaji wetu wa zamani, alikuwa anagonga meza: "Alors tumuache ajaribu! Tuko na muntu mwingine?" Marie-Claire akamjibu huku anasuka: "Ule anasemaka sana. Muntu wa kusema sana, miye namuogopaka."

Papa Donatien akaingia. Ni mfupi, ana tumbo la heshima, na simu mbili ambazo haachi kuziangalia. Hilo sikulipenda. Lakini alitaja kikosi chote cha mwaka themanini na saba, kuanzia kipa mpaka wa akiba, na alipofika kwa marehemu beki wa kushoto aliweka mkono kifuani. Hilo nililipenda.

Nikamwambia habari ya desturi yako. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kufula? Miye? Petit, miye njo nafula Bruxelles yote! Maillot, jezi zile, zikuje huku, nitafula miye mwenyewe, bantu ya galerie bataona."

Mama, mimi nina matumaini. Labda nusu. Zitume, tumjaribu.

Mtoto wako,
Dady


Katuba, tarehe 1 Mei 2011

Dady mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama kama inavyoniacha. Goti limepoa. Jirani nimempa dawa kidogo tu.

Tonton Aristote anakuja na jezi zote kumi na nane ndani ya sanduku lake. Ameacha viatu vyake ili zitoshe. Mashabiki wamenikasirikia sana: wanasema jezi hazijawahi kutoka Katuba, na mimi nimezitoa nje ya nchi kwa maneno ya mtu wa simu mbili. Wanawake wawili sokoni hawakuniitikia salamu. Sikulala vizuri, lakini nimezituma, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Mwambie hivi. Maji baridi. Sabuni ya kipande, siyo ya unga. Kola nyekundu zisuguliwe peke yake, kwa chumvi, kwanza kabisa, kwa sababu zinachuja rangi. Nyeupe yake ndiyo heshima yetu. Namba nimezishona mwenyewe, asizivute.

Mechi ya kwanza ni Jumapili tarehe 26 Juni. Zisiporudi kabla ya hapo, mimi uwanjani sitakanyaga tena.

Mama


Etterbeek, tarehe 29 Mei 2011

Mama,

Hujambo? Goti je? Kaa kwanza, ndipo usome.

Jezi ni za waridi.

Nilimsomea papa Donatien maneno yako yote, neno kwa neno, mbele ya Marie-Claire na mzee Kabamba. Akaitikia "oui, oui". Kisha, kwa kiburi cha fundi, akaenda dukani kwake akaziingiza zote kumi na nane ndani ya mashine yake kubwa. Zilipotoka, nilidhani ni nguo za harusi ya mtu mwingine. Kola zimebaki nyekundu kidogo, na nyeupe yote imekuwa waridi kama fizi za mtoto.

Mzee Kabamba alilia kweli, machozi. Marie-Claire alicheka mpaka akaungua kidole kwa pasi ya nywele. Nilisubiri papa Donatien amtupie lawama mfanyakazi wake, maana alikuwa amesimama pale pale. Hakufanya hivyo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akazima simu zote mbili, akasema: "Njo miye. Hakuna muntu mwingine. Nilitia maji ya moto ya soixante, nikaenda kusema kwa telefone."

Alitaka kununua jezi mpya siku ile ile. Nikamwambia: papa, jezi mpya hazitamjibu mama. Nenda Katuba mwenyewe. Alichukua sanduku, akaondoka, na tangu siku hiyo maduka yake yanaendeshwa na mke wake, na simu zake hazipokelewi. Kosa ni langu pia, mimi ndiye niliyesema zitumwe. Nisamehe.

Mtoto wako,
Dady


Katuba, tarehe 28 Juni 2011

Dady mwanangu, mzima?

Barua yako ilifika, nikaisoma, nikaiweka chini ya mto. Nilishaamua Jumapili nitakwenda misa ya pili, ili nisisikie kelele za uwanja.

Jumamosi saa moja asubuhi, baridi ya Juni inauma masikio, mtu anabisha hodi. Papa Donatien na sanduku! Peke yake, bila mpiga picha. Akavua viatu, akakunja suruali, akaomba beseni.

Taarifa ilizunguka Katuba kabla maji hayajajaa. Uani palifurika, wengine walipanda ukutani wakipiga kelele: "Patron, kamua na nguvu! Haiko mutoto ile!" Alifua moja moja, kola kwanza, kwa chumvi, kama nilivyoagiza. Akaniletea. "Maman, iko safi?" Nikageuza kola. "Bado." Akarudi. Akaleta tena. "Maman?" "Bado." Watu wakapiga vigelegele. Mara ya nne, mikono yake imevimba, nikasema: "Sasa."

Waridi haikutoka, Dady. Haitatoka kamwe. Lakini zilikuwa safi! Nikazianika mwenyewe, na nilipobana ya mwisho nililia mbele ya watu wote. Wale wanawake wawili wa sokoni ndio walionishikia kapu la vibanio.

Jumapili wapinzani walitucheka kuanzia mlangoni. Walicheka mpaka dakika ya sabini, tulipofunga. Moja kwa sifuri! Sasa mashabiki hawataki nyeupe tena. Bado wanabishana kama papa Donatien atatufikisha popote. Mimi nasema tusubiri, lakini amefua. Mashine yake nayo imefika. Nimeweka unga ndani, panya hawaingii.

Kila mchezaji alikuwa na jezi yake, imebaki ya akiba, namba kumi na nane. Nakutumia. Usiitie mashine.

Mama yako


Etterbeek, tarehe 24 Julai 2011

Mama,

Shikamoo ya furaha. Jezi imefika, na nimeivaa nikaenda nayo galerie. Marie-Claire anataka ya kwake. Mzee Kabamba aliibusu namba.

Jana niliifua ndani ya beseni la kuogea, maji baridi, kola kwanza, nikaianika kwenye balkoni. Mbelgiji wa ghorofa ya chini akauliza kuna sherehe gani. Nikamwambia kesho kuna mechi. Picha ya jezi nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Iko safi?

Mtoto wako,
Dady


Katuba, tarehe 15 Agosti 2011

Dady, picha nimeiona, nimeionyesha Katuba nzima. Goti ni zima.

Bado. Rudia kola.

Mama