Chebet Hakulia

Jumanne, jioni

Leo sikumfikiria mjukuu wangu Chebet hata mara moja. Uongo. Saa nne nilikuwa nimechutama katikati ya michai, nikichungulia deikea, kile kituo cha kulelea watoto.

Wiki nzima mama yake amekuwa akimzoesha kubaki huko: kwa saa moja, kisha mbili. Leo akamwacha siku nzima, na mtoto hakulia. Miaka mitatu, asilie? Nikashuku wanawapa dawa ya usingizi.

Mwalimu, mama wa kutoka upande wa ziwa, akaniona. "Mzee, umepoteza ng'ombe?"

"Nimepoteza mjukuu. Mmempa nini?"

"Mursik yako, yale maziwa ya mgando aliyokuja nayo. Niliona vitu vyeusi nikataka kuimwaga. Akanikataza, akasema ni mkaa, kugo, yaani babu yake, huweka makusudi. Wenzake wote wameonja."

Huyo Chebet, mbele ya wageni, hujificha nyuma ya suruali yangu. Sasa anamfundisha mwalimu. Deikea imemfaa, nakubali, lakini suruali yangu itafanya kazi gani?

Mama Chebet, nimekulelea mtoto miaka miwili ukichuma chai, na sijawahi kukuomba kitu. Niachie mimi kazi ya kumchukua jioni.