Watatu Hawatoshi

Thamesmead, 3 Februari 2025

Mwanangu Serge,

Nakusalimu. Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwa baridi. Habari zako sizijui, simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Jumamosi tulikaa kuanua matanga ya baba yako. Mzaliwa wa kwanza ni wewe, na ni wewe wa kuwashukuru wageni na kuwaruhusu waende. Kabla wali haujapakuliwa ulitazama saa, ukavaa koti, ukarudi kwenye mji wako. Baba yako mdogo Gires akauliza mbele ya watu, "Huyu anakimbilia wapi? London nzima inaungua?" Watu wakacheka, Serge, kwenye matanga ya Alexis. Shangazi Laurette akasema, "Mwacheni, ana kibarua chake cha kungoja moto." Nami nikaingia jikoni kupakua wali.

Tangu ujiunge na zimamoto, baba yako hakupanda kitandani kabla ya kuzima swichi zote ukutani. Wewe hukuweza kumkalia hata jioni moja. Wageni waliondoka bila kuruhusiwa na mtu. Picha yake iko mezani, mkeka uko sebuleni, sijagusa kitu. Nimekasirika sana.

Mama yako

10 Februari

Mama mpendwa,

Salamu, na pole kwa goti. Usipande ngazi bila fimbo.

Sikupokea simu kwa aibu. Mama, gari letu la zimamoto halitoki bila watu wanne. Hapa hakuna anayelala kituoni. Kila mtu ana kazi yake nyingine, peja, kile kifaa cha kiunoni cha kutuita, ikilia tunakimbia. Tulikuwa tisa, tumebaki watano. Bango la kutafuta wapya liko ukutani tangu nilipojiunga. Wanataka mtu anayeishi karibu na kituo, lakini kwa malipo yao hawezi kupanga hata chumba hapa. Jumamosi ile mmoja wetu alikuwa mgonjwa. Ningebaki kwako, mji ungekosa gari. Nikajiambia, Papa angeelewa.

Jioni peja ikalia. Tukafika watatu. Titus, wa nne wetu, alikuwa kazini ghalani, na bosi wake, aliyekubali zamani kumwachia atoke peja ikilia, akamwambia, "Ukitoka getini usirudi." Titus ana watoto. Alibaki. Sisi tulisimama tumevaa kila kitu, injini inanguruma, moshi tunauona. Gari la mji wa jirani lilipofika, Mama Alka alikuwa amekufa ndani ya nyumba yake. Ni yule mzee aliyezaliwa Kisumu, aliyenishonea suruali na kukataa pesa. Aliniita "kijana wa moto".

Nilimwacha Papa, na Mama Alka sikumfikia. Wiki hii mkubwa wetu amekuja kuniomba picha yangu kwa bango jipya. Nikamwambia, piga picha ya gari likiwa limesimama.

Nafikiri kuacha.

Mwanao Serge

17 Februari

Mwanangu Serge,

Salamu za upendo. Goti ni lilelile, fimbo ninayo.

Nilipeleka barua yako kwa Gires, nikaisoma kwa sauti, na Laurette alikuwepo. Nilipofika pale uliposimulia bosi wa Titus, Gires akasema, "Basi, shemeji." Nikamwambia hapana, ulicheka hadi mwisho, utasikiliza hadi mwisho. Laurette akalia. Sikumbembeleza.

Hasira yangu ipo bado, mwanangu, ila nilikuwa nimeiweka kwako. Mtu anawafunga watu kama mbuzi karibu na kituo, anawalipa kidogo, mzee wa watu akifa motoni anakuja kuomba picha. Usimpe. Kuacha au kubaki ni shauri lako. Lakini usiache kwa aibu. Aibu ni ya yule bosi wa getini.

Unakumbuka Krismasi baba yako alipovaa kofia yako ya kazi akikaanga ndizi? Akasema, "Leo hakiungui kitu." Zikaungua zote, na tukazila.

Mkeka hauondoki. Njoo siku mtakapopata wanne bila wewe, hata ikiwa mwezi wa tano. Tutakaa tena. Utawaruhusu wageni kwa jina la Alexis, na la Mama Alka pia.

Siku hizi swichi nazizima mimi, zote, hata ya redio. Ukizima zako, unikumbuke.

Mama yako